Buti Chini ya Pazia

Ile hadithi ya binti aliyekataa wachumba nadhani kila mtu ameisikia, kwa namna moja au nyingine. Binti mzuri, wachumba wanapanga foleni, anawakataa wote. Siku moja anatokea mgeni mtanashati ambaye hakuna anayejua kwao ni wapi, na binti anasema huyu ndiye. Ndoa inafungwa, safari inaanza. Nyuma yao anafuata mdogo wake wa kiume, mwenye upele mwili mzima, ambaye amefukuzwa mara tatu na bado anafuata. Usiku mtoto yule anaona mkia. Au anasikia meno yakinolewa. Kwa wasimuliaji wengine mume ni fisi, kwa wengine ni chatu, na kwa wengine ni zimwi. Mtoto anamwambia dada yake, dada anamtukana, anamwambia akalale.

Nimeisikia mara nyingi, na fundisho linalobandikwa mwishoni ni lile lile: msichana asiwe na maringo, asikilize wazazi. Sijawahi kumsikia msimuliaji akisema kwamba hadithi hii ni ya yule mtoto. Lakini ukiisikiliza vizuri, maringo ya binti yanachukua sentensi tatu. Kinachobaki chote ni kazi ya mwenye upele: anaona, anasema, anapuuzwa, anaona tena, anasema tena. Msimuliaji anajua kabisa mzigo wa hadithi uko wapi. Ni sisi tunaoufunga kwa methali ya kumkaripia msichana.

Nimeikumbuka kwa sababu nimesoma upya Tess of the d'Urbervilles ya Thomas Hardy, na safari hii kimenisumbua tofauti na nilivyokisoma chuoni. Kwa ambao hawajakisoma: kilitoka mwaka 1891. Tess ni binti wa familia masikini ya kijijini, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba ni mlevi, na ameambiwa na mchungaji mmoja mpenda historia kwamba wao ni uzao wa ukoo mkubwa wa kale. Farasi wao wa pekee anakufa barabarani usiku wakati Tess ndiye aliyeshika hatamu, kwa kuwa baba hakuamka kwa ulevi, na tangu hapo msichana anajiona ana deni. Mama anamtuma kwa "ndugu" matajiri wa Trantridge. Hata si ndugu, jina lile walijipachika tu. Huko ndiko anakomkuta kijana wa nyumba ile, Alec.

Kitabu hiki watu hukikumbuka kwa usiku mmoja msituni. Wahakiki wamebishana kwa zaidi ya miaka 100 kama Tess alibakwa au alitongozwa, maana tukio lenyewe Hardy analifunika kwa ukungu na giza. Ubishi ule mimi naona unaanza umechelewa. Kabla ya usiku ule kuna sura kadhaa ambazo mwandishi hakufunika chochote. Ameweka kila kitu mezani, kimoja kimoja, mchana kweupe.

Siku ya kwanza kabisa Alec anamtembeza Tess bustanini na kutaka kumlisha stroberi kwa mkono wake. Tess anasema angependa kuishika mwenyewe. Alec hakubali, anaisogeza mpaka midomoni, na msichana anafungua kinywa huku amefadhaika. Basi, ni tunda tu. Mhadithie mtu, atakuuliza, sasa kosa liko wapi hapo? Kosa ni kwamba neno dogo limesemwa na limepitwa kana kwamba halikusemwa. Gavin de Becker, Mmarekani aliyeishi kwa kazi ya kuwalinda watu wanaotishiwa maisha, aliandika mwaka 1997 kitabu kiitwacho The Gift of Fear, na katika dalili zote anazozitaja hii ndiyo anayoikazia kuliko nyingine: mtu asiyesikia hapana yako, yuko njiani kukutawala au anakataa kuacha kukutawala. Hapana ya kwanza huwa ndogo. Inahusu tunda, inahusu lifti, inahusu namba ya simu. Anayeipima anataka kujua tu itachukua nguvu kiasi gani kuivunja.

Halafu inakuja sehemu ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Alec anamjaza Tess maua, kifuani, kwenye kofia, mpaka kikapuni. Akiwa njiani kurudi nyumbani Tess anainamisha kichwa, mwiba wa waridi unamchoma kidevu, na yeye anaogopa: kwao mwiba wa namna ile ni ishara ya balaa. Hebu fikiria. Kijiji kizima kina elimu kamili ya miiba. Wanajua mwiba wa wapi una maana gani. Lakini kuhusu mkono ulioyachomeka yale maua, hakuna aliyemfundisha neno hata moja.

Siku Alec anapokuja kumchukua kwenda kuanza kazi, anaendesha gari la farasi kwa kasi mteremkoni ili msichana aogope na kumshika kiunoni. Bei ya kupunguza mwendo ni busu. Tess analifuta kwa leso. Kofia yake inapeperuka, anashuka kuiokota, na hapandi tena. Anamaliza safari kwa miguu, jamaa akimtukana kutoka juu ya kiti. Msomaji anayeuliza mbona hakuona, nadhani kurasa hizi alizirusha.

Na akishafika kazini, mambo yanakuwa karibu ya kuchekesha. Kazi yake moja ni kuwapigia miluzi ndege wa mama yake Alec, bibi kipofu, chumbani mwake. Asubuhi moja bibi akiwa hayupo, Tess anahisi mtu nyuma ya kitanda, anageuka, na chini ya pindo la pazia zinaonekana ncha za buti za mwanamume. Hardy hasemi zaidi, isipokuwa kwamba tangu siku ile Tess alikagua mapazia kila asubuhi. Sijui kama kuna picha bora kuliko hii kwa jambo tunalolizungumza. Zimwi halikujificha. Lilijificha vibaya, buti nje, na aliyekuwa hatarini aliona na akaanza kuchukua hatua za pekee alizokuwa nazo. Akakagua mapazia. Ndivyo wanawake wanavyofanya hadi leo: kutuma namba ya bodaboda kwa rafiki, kubadilisha njia ya kurudi nyumbani, kumwambia mlinzi wa geti akija fulani sema sipo.

Usiku wenyewe, msituni, kabla ya lolote, Alec anamwambia kwamba baba yake leo amepata farasi mpya, na wadogo zake wamepata vitu vya kuchezea. Hapa ndipo nilipofunga kitabu nikatembea kidogo. Zawadi zimepita juu ya kichwa cha msichana zikaenda kwao moja kwa moja. Hapana yake sasa ina gharama kwa familia nzima, na farasi aliyekufa mikononi mwake amerudi kama mnyororo. Sidhani kama kuna mtu aliyekulia mjini kwetu asiyemjua mtu huyu. Ni yule anayemtumia mama yako hela ya dawa kabla wewe hujamjibu meseji yake ya tatu.

Hardy alijua anachokifanya, na wahariri wa zama zake walijua pia. Kitabu kilipotoka kwanza kwa mfululizo kwenye gazeti la The Graphic, tukio la msituni liliondolewa na badala yake pakawekwa ndoa ya uongo. Kilichoonekana cha kuchukiza wasomaji ni matokeo. Mbio za mteremkoni na busu la kulazimishwa vilisomwa kama uchangamfu wa kijana. Na nikiwa hapo hapo, bila kutoka sana nje ya mada: filamu mashuhuri zaidi ya kitabu hiki, Tess ya mwaka 1979, iliongozwa na Roman Polanski, aliyekuwa amekiri mahakamani Marekani mwaka 1977 kosa la kufanya ngono na msichana wa miaka 13, kisha akakimbia nchi mwaka uliofuata kabla ya kuhukumiwa. Filamu ilipewa Oscar tatu. Ni filamu nzuri kwa macho, sitadanganya. Lakini stroberi pale ni mapenzi matupu, jua linawaka, midomo inang'aa.

Jambo lililonifanya niandike haya liko baadaye kidogo. Tess anarudi nyumbani, mama yake anamlaumu kwa kutomfanya bwana yule amuoe. Na Tess anamgeukia mama yake, anamuuliza kwa nini hakumwambia kwamba wanaume wana hatari. Kisha anasema jambo ambalo kila mpenda vitabu angelibandika ukutani: wanawake wa matajiri wanajua la kujikinga nalo kwa sababu wanasoma riwaya, na riwaya zinawaeleza ujanja ule. Yeye hakupata nafasi ya kusoma.

Yaani msichana wa kufuga kuku, mwaka 1891, anaidai fasihi haki yake.

Sisi tulifanyaje na dai hilo? Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Anapelekwa shule na woga huo tu, bila maarifa mengine. Halafu anakutana na wanaume wenye vyeo, magari na zawadi, hadi mkubwa wa chuo anachosoma, na anaanguka, na wote wanamwita malaya, na mwisho wake mnaujua. Ni kitabu chenye matatizo yake. Sauti ya msimuliaji mara nyingine inamfurahia mno Rosa anapoanguka, na wanawake wengine mle ndani ni vivuli tu. Ila ramani iko pale: nani anaanza na lifti, nani anaanza na pesa ya matumizi, nani ana ufunguo wa ofisi. Na kitabu kile kikapigwa marufuku mashuleni kwa miaka, kwa hoja kwamba kitawaharibu wasichana. Baba anayepiga kwa ajili ya barua na serikali inayozuia kitabu, mimi naona ni mkono mmoja. Zakaria hakumwambia Rosa mvulana yupi ni hatari na kwa nini. Alimwambia tu kwamba barua ni dhambi. Ukimfundisha mtoto kuogopa kila kitu hana tena namna ya kutambua kitu.

Kuna methali inayonikera katika mambo haya: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Inatumiwa kuwashauri wasichana wabaki na wanachokijua. Anakupiga, lakini unamjua. Wa nje je? Takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023 zinakadiria wanawake na wasichana 51,100 waliouawa duniani na wenzi wao au watu wa familia zao, wastani wa 140 kila siku, na Afrika ndiyo ina kiwango cha juu zaidi ukilinganisha na idadi ya watu. Zimwi likujualo linakula likakwisha. Linajua ratiba yako, linajua mlango wa nyuma haufungi vizuri.

Mwanataaluma wa Uingereza, Jane Monckton Smith, alipitia kesi 372 za watu waliouawa na wenzi wao, na mwaka 2019 akachapisha alichokiona: mwendo wa hatua 8, unaoanza kabla hata ya mapenzi yenyewe, na historia ya mtu, kisha mapenzi ya haraka haraka, kisha udhibiti, kisha kitu cha kutibua, mara nyingi mwanamke kuondoka au kutaka kuondoka, na kuendelea hadi kupanga na kuua. Kwa macho ya msomaji wa riwaya, mama huyu amegundua msuko. Hasira ya ghafla, ile inayopendwa na mahakama na magazeti, kwenye kesi zile aliiona kama kisingizio tu, maana kupanga kulikuwapo.

Na magazeti nayajua, ndiyo kazi yangu. Kwetu Tanzania mauaji ya namna hii yana jina rasmi: wivu wa mapenzi. "Auawa kwa wivu wa mapenzi." Sentensi ile haina mtendaji. Wivu ndio umeua, na tena wivu wa mapenzi, kitu ambacho nusu ya bongo fleva inakisifia. Lakini tazama pia umbo la habari yenyewe. Tunafundishwa kuweka kikubwa juu na vidogo chini, ili nafasi ikibana mhariri akate kutoka mwisho. Kikubwa ni kifo. Vidogo ni majirani: kwamba walikuwa wakigombana, kwamba alimfuata kazini wiki iliyopita, kwamba marehemu alishahamia kwa dada yake, kwamba alishakwenda mara mbili kwenye dawati la jinsia. Yale yote ambayo Hardy aliyapa sura kadhaa, sisi tunayaweka aya ya mwisho, na aya ya mwisho ndiyo inayokatwa tangazo likiingia. Kwa hiyo msomaji wetu anasoma mauaji mia moja na hajasoma msuko hata mmoja.

Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyeshiriki marathoni ya Olimpiki ya Paris, alichomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya, na kufariki Eldoret tarehe 5 Septemba 2024. Baba yake aliwaambia waandishi kwamba walikuwa wamepeleka malalamiko polisi. Miaka mitatu kabla, Oktoba 2021, Agnes Tirop alikutwa ameuawa kwake Iten, wiki chache baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani, na mumewe akashtakiwa. Wenzake waliunda kikundi kwa jina lake ili wasichana wa riadha wafundishwe kutambua mtu anayekuja kama kocha, au kama mume, huku anataka akaunti ya benki. Wale wakimbiaji wanafanya kazi ambayo Tess alidhani riwaya ndizo zinaifanya.

Tusijidanganye pia kwamba ni tatizo la siku hizi. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alikuwa na wimbo kuhusu Kijiti, mwanamume wa Unguja aliyemchukua mwanamke mgeni matembezini na kumuua. Kijiti alivuka bahari akaenda bara. Waliofungwa ni wanawake waliokuwa wametoka pamoja na marehemu. Sheria ilikuja, ikaangalia nani alikuwepo na nani alikuwa na pombe, ikawakuta wanawake. Wimbo ule ndio uliobaki ukimtaja mwenye kosa kwa jina, na taarab ikafanya kwa miaka kazi ambayo mahakama ilishindwa kuifanya kwa siku moja.

Najua kuna msomaji, na mara nyingi ni mwanamume lakini si kila mara, ambaye hapa atasema: sasa kila anayenunua chakula ni muuaji? Kila anayependa haraka? Swali ni halali. Wanaume wengi wenye haraka ni watu wenye haraka tu, na dalili moja haimhukumu mtu. Ila angalia swali linafanya nini kwenye maongezi. Msichana amekuja na jambo dogo, la busu alilolifuta, na sisi tunamjibu kama vile ameomba mtu anyongwe. Hakuomba hivyo. Tess alichoomba ni kushuka kwenye gari. Kuchukulia dalili kwa uzito kungekuwa na ukubwa huo huo: mtu mmoja mzima aseme basi, usiende tena, farasi tutatafuta njia nyingine.

Na hapa ndipo ninapoachana na de Becker, na na kila mwongozo wa dalili unaosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni mizuri, isomeni. Lakini yote inamwandikia mwanamke. Inamfanya yeye awe mlinzi wa zamu asiyelala, na akiuawa tunapekua zamu yake kutafuta aliposinzia. Tess hakusinzia. Alisema hapana, alifuta, alishuka, alikagua mapazia, aliomba kurudi nyumbani. Alikuwa binti na mtoto mwenye upele kwa wakati mmoja, anaona na kusema mwenyewe, na waliokuwa na uwezo wa kufanya kitu walikuwa wakihesabu faida ya farasi.

Ndiyo maana mhusika anayenishika sasa katika kitabu hiki ni Joan, mama yake. Zamani nilimwona mjinga. Siku ya safari ndiye aliyemwosha Tess nywele, akamvika gauni jeupe ili apendeze, akasimama na watoto kuangalia gari likiondoka. Usiku ule ule amelala karibu na mumewe, anapumua kwa nguvu, na anasema pengine ingekuwa heri Tess asingekwenda. Anasema ingekuwa tena, angeuliza kwanza kama yule bwana kweli ni kijana mwenye moyo mzuri. Mumewe anamjibu kwamba ndiyo, labda ilimpasa kufanya hivyo. Hardy anatuambia anajibu akiwa anakoroma.